Neno Haliendi Peke Yake: Hotuba kwa Wanafunzi wa Kiingereza wa Madarasa ya Jioni, Moshi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi ndugu wanafunzi mliotoka kazini mkaja moja kwa moja kuketi kwenye madawati haya yaliyotengenezwa kwa magoti ya watoto.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kujifunza maneno na misemo ya Kiingereza cha kila siku, nami nimekubali kwa furaha, kwa kuwa kufundisha lugha hiyo ndiyo kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka 30. Mbele yangu naona wauguzi, wahudumu wa hoteli, madereva, mafundi cherehani, wenye maduka na vijana wa mlimani. Wengi wenu hamji kukianza Kiingereza, mnakirudia. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali hapa Tanzania, na mtoto akivuka kuingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Kila aliyepita njia hiyo amewahi kukariri "go, went, gone" mpaka koo likakauka, amewahi kusimama na darasa zima kumwitikia mwalimu kwa sauti moja, na pengine amewahi kupata alama nzuri katika mtihani. Kisha siku moja mgeni akamsimamisha barabarani kumwuliza njia ya kwenda stendi, na ulimi ukagoma.

Sidhani kwamba ulimi huo uligoma kwa uvivu au kwa upungufu wa akili. Naamini uligoma kwa sababu tulizoeshwa kuokota neno mojamoja kama punje za mchele, tukadhani kwamba tukishazijaza kikombe tutakuwa tumepika wali. Neno la lugha yoyote halitembei peke yake. Lina wenzake linaoandamana nao, lina saa yake ya kusemwa, na lina mtu anayestahili kuambiwa. Leo nataka kuzungumzia hilo tu, nanyi mtaniwia radhi nikilirudia kwa mifano mingi.

Mfano wa kwanza uko hapa juu yetu. Mgeni akipanda Kilimanjaro kwa siku sita au saba hushuka na Kiswahili kidogo ambacho hakikosei. Anajua kusema "pole pole", anajua "asante sana", anajua "twende". Hana habari za ngeli, wala hajui kwamba "pole" moja ni ya kumfariji mtu na "pole" mbili ni za mwendo, lakini huzitumia mahali pake. Amewezaje? Alizisikia kutoka kwa wagumu, kama wapagazi wa mlima wanavyojiita, tena mamia ya mara, na kila mara katika hali ileile: njia imesimama, pumzi imekata, na mtu anataka kukimbilia mbele. Msemo uliingia kichwani pamoja na mteremko wake na uchovu wake. Hata "jambo", ambalo sisi tunajua ni kipande kilichokatwa kutoka "hujambo", wamelichukua hivyo hivyo lilivyo, na tunawaitikia bila kinyongo. Mgeni huyo, asiyejua sarufi hata robo, ametupita kwa jambo moja: hakusubiri kulijua kila neno ndipo afungue kinywa.

Na babu zetu walifanya vivyo hivyo. Waliona kibao cha barabarani kinachomwamuru dereva ashike kushoto, "keep left", wakayachukua maneno yote mawili kwa mkupuo mmoja, wakayaita kipilefti, na kwa kuwa linaanza kwa ki- wakalipa wingi wa vipilefti. Mafundi wa magari walisikia "mudguard", masikio yao yakatambua ma- ya wingi, wakasema madigadi, na likibaki moja likawa digadi. Hawakuwa na daftari wala mwalimu. Walikuwa na chombo mkononi na neno sikioni kwa wakati mmoja. Msije tu mkamwambia Mwingereza "kipilefti" mkitaraji ataelewa, kwa maana kwake mzunguko ule ni "roundabout". Vivyo hivyo "hoteli", ambayo kwetu yaweza kuwa kibanda cha wali na maharage, kwake "hotel" ni nyumba ya kulala wageni, na mahali pa kula ataita "restaurant". Tochi ni "torch" kwa Mwingereza, lakini Mmarekani anaiita "flashlight". Ninyi wa mlimani mnaoondoka kambini usiku wa manane kuelekea kileleni mnahitaji maneno yote mawili.

Sasa tuangalie ndani ya Kiswahili chenyewe, kwa sababu huko ndiko kulikofichwa ushahidi mkubwa kwamba kazi hii tunaiweza. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga hodi, tunapiga chafya. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayefundishwa kwamba hapo hapana ngumi wala fimbo. Anapokea "piga picha" kama kitu kimoja na anaendelea na maisha yake. Tunakula kiapo, tunakula hasara, tunakula njama, na mzee wa miaka 80 tunasema amekula chumvi nyingi, bila yeyote kutafuta sahani. Kiingereza nacho kina maneno yake ya namna hiyo, na manne yanayofanya kazi kubwa kuliko yote ni "get", "take", "make" na "do". Picha kwao huchukuliwa, "take a picture". Simu hutengenezwa, "make a call". Vyombo "you do the dishes", kitanda "you make the bed", na dawa, ambayo kwetu hunywewa hata ikiwa kidonge, kwao huchukuliwa, "take your medicine". Mwanafunzi anayeuliza "get" maana yake nini anajitafutia mateso, sawa na Mzungu anayeuliza "piga" maana yake nini. Aulize "get up", "get home", "get better", "get on the bus", kila moja kwa wakati wake, na majibu yote yatakuwa mepesi: kuamka, kufika nyumbani, kupata nafuu, kupanda basi.

Wataalamu walilijua jambo hili mapema. Harold Palmer, Mwingereza aliyefanya kazi ya kuboresha ufundishaji wa Kiingereza mjini Tokyo, mwaka 1933 alitoa taarifa iliyojaa maelfu ya mafungu ya maneno yanayokwenda pamoja, kwa sababu aliona wanafunzi wake wa Kijapani wakijua maneno lakini wakiyaunganisha kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzake. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1930, Mwingereza mwenzake, C. K. Ogden, alikuwa ametangaza Kiingereza chepesi cha maneno 850 tu, ambamo vitenzi vilikuwa 18. Kwa mtu anayependa njia ya mkato, hiyo ni habari njema sana. Lakini tazameni kilichotokea. Ukimnyima mtu kitenzi cha kuvumilia, itambidi aseme "put up with". Ukimnyima cha kukata tamaa, atasema "give up". Ukimnyima cha kutunza, atasema "look after". Maneno yalipungua kwenye karatasi, misemo ikaongezeka kinywani, na kila msemo ulipaswa kujifunzwa kama kitu kipya, kwa kuwa "put", "up" na "with" ukizitafsiri mojamoja hazikufikishi kwenye uvumilivu hata ukikesha.

Sisemi kwamba hesabu ya maneno haina maana. Michael West, aliyefundisha kwa miaka mingi Bengal, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayohitajika zaidi, na hadi leo walimu wanakubali kwamba mwenye maneno hayo ameshika sehemu kubwa ya yale yanayosemwa sokoni, nyumbani na kazini. Ni idadi ya kutia moyo. Mtu anayejifunza mambo matano kwa siku, siku sita kwa juma, hufikisha 1,500 katika majuma 50. Lakini hata humo kuna mtego. Katika mkusanyo wa maandishi ya Kimarekani ya mwaka 1961 uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Brown, wenye maneno yapatayo milioni moja, neno lililoongoza kwa kujirudia lilikuwa "the", ambalo lilitokea karibu mara 70,000. Hilo ndilo neno la kwanza kwa wingi, nalo halina tafsiri katika Kiswahili. Mwanafunzi akiniuliza linamaanisha nini nitampa kanuni nitakazohitaji jioni nzima kuzieleza, na bado zitamwangusha. Lakini akishika "in the morning" na "at night", "go to the market" na "go to bed", kama vitu vizima visivyovunjwa, atalisema "the" mahali linapotakiwa na kuliacha mahali lisipotakiwa, na hatajua kwamba amefuata kanuni.

Nije sasa kwenye mambo yanayotuangusha sisi hasa, watu wa Kiswahili, na nitakaa hapa kwa muda.

Kubwa ni salamu. Nilipokuwa mwalimu kijana, jioni moja jua likiwa limekwisha kuzama, nilimwona mgeni akiingia katika uwanja wa shule niliyokuwa nikifundisha. Nikamwendea nimenyoosha mkono, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Good night, sir." Akasimama, akanitazama, akasema naye "Good night", akageuka kuelekea getini. Mkuu wa shule ndiye aliyemkimbilia kumrudisha. Nilikuwa nimemwambia, kwa adabu kamili, alale salama aende zake. "Good evening" hukaribisha, "Good night" huaga. Kamusi yangu ilikuwa imeniambia kwamba "night" ni usiku, na haikunidanganya hata kidogo. Ilinificha tu ni mlango upi wa usiku unaotumia neno hilo.

Kwetu salamu ni kazi. Tunauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu jana, na mtu hujibu "nzuri" kwanza, ndipo aseme "ila mtoto anaumwa". Kiingereza cha kila siku hukunja mkeka huo haraka: "How are you?" "Fine, thanks. And you?" na safari inaendelea. Wanafunzi wengi hulalamika kwamba Waingereza hawana utu kwa sababu huuliza hali na hawasubiri jibu. Mimi sikubali. Utu wao wameuweka mahali pengine. Sisi heshima tunaiweka katika shikamoo na katika majina ya ukoo, mama, kaka, mzee, shangazi, hata kwa mtu ambaye hatujawahi kumwona. Wao hawana shikamoo, hivyo heshima wameipachika kwenye vitenzi: "could", "would", "may". Ndiyo maana mtu wetu anayesema "Give me water" anaonekana mkali, ilhali moyoni alikuwa akisema "naomba maji". Hakukosa adabu, aliiacha adabu yake nyuma katika neno "naomba", ambalo halikuvuka mpaka. "Could I have some water, please?" ndiyo "naomba maji" yao. Uchukueni msemo huo mzima, msiuchambue, na mtabadilisha tu neno la "water" mkitaka chai, ufunguo au risiti. Na ninyi wahudumu wa hoteli mtauhitaji ndugu yake, "Would you like some more?", maana kumwuliza mgeni "You want?" ni sawa na kumwambia mkwe wako "Unataka?" huku umesimama mlangoni.

Kuna maneno yetu ambayo hayana mwenzake kabisa, na hapo afadhali kukubali kuliko kulazimisha. "Pole" ni mojawapo. Mtu akijikwaa mbele yetu tunasema "Sorry", na Mwingereza aliyejikwaa hushangaa, "Not your fault", kwa kuwa kwake "sorry" ya namna hiyo ni ya mtu aliyekosa. Afadhali kumwuliza "Are you all right?" Akiwa amefiwa, "I'm so sorry" inafaa, na hapo "pole" na "sorry" hukutana kwa muda mfupi kabla ya kuachana tena. "Pole na kazi" sijawahi kuipatia Kiingereza katika miaka yangu yote. "Umepotea", tunayomwambia rafiki tusiyemwona siku nyingi, tukiitafsiri neno kwa neno atatafuta ramani. Mwambieni "I haven't seen you for a long time". Na "karibu chakula", tunayomwambia kila apitaye tukiwa tunakula, si "Welcome food", wala si "You're welcome", ambayo kwao ni jibu la asante. "Would you like to join us?" itamfaa, lakini muwe tayari, kwa sababu Mwingereza anaweza kuamini kwamba mmemwalika kweli. Nyumbani kwetu kila mtu anajua kujibu "Starehe" na kupita.

Niongeze kwa haki kwamba tunapozungumza Kiingereza sisi kwa sisi, Mtanzania na Mkenya au Mganda, "sorry" ya kujikwaa inaeleweka vizuri kabisa, nami sioni kosa ndani yake. Lugha hiyo imekaa kwetu muda wa kutosha kuvaa kanga. Ninachowaambia ni kwamba mjue nani yuko mbele yenu.

La pili ni saa, na hili limewahi kuwakosesha watu kazi. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, ambalo hapa karibu na Ikweta huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, hivyo saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Wao huanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita daima, nanyi mnaijua. Hakuna hapa asiyeweza kujumlisha sita. Tatizo ni kwamba mazungumzo hayasubiri hesabu. Mgeni anasema "Pick me up at eight", na kabla akili haijajumlisha, sikio limeshasikia nane, na dereva anafika saa nane mchana kumkuta mtu aliyemngoja tangu saa mbili asubuhi. Tiketi ya basi imeandikwa "6:00 AM" na kondakta anatangaza saa kumi na mbili, na wote wawili wako sahihi. Dawa yake ni kuacha kujumlisha. Fungeni kila saa kwenye tendo lenu wenyewe: "I get up at five", "I start work at eight", "I finish at four". Mkishazoea kwamba "eight" ni ile saa mnayofungua duka, mtasikia "eight" na kuona mlango wa duka, bila kupitia namba mbili wala nane. Halafu "quarter to" ni kasorobo yetu, "half past" ni nusu yetu, na hapo hakuna ugomvi. Kwa wenzetu wa Pwani ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, jihadharini: "Friday night" inakuja baada ya mchana wa Ijumaa.

La tatu ni dogo kwa urefu na kubwa kwa hatari. Mtu wetu akiulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo", yaani usemavyo ni kweli, sijala. Mwingereza akiulizwa "Haven't you eaten?" naye hajala, hujibu "No". Sisi jibu letu linamtazama aliyeuliza, kama amesema kweli au hapana. Lao linalitazama tendo, kama limetendeka au halikutendeka. Fikirini mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji, daktari ni mgeni, anauliza, "You haven't eaten anything?" na mgonjwa mwaminifu aliyekaa na njaa tangu jana anajibu "Yes". Wauguzi mlio hapa mnanielewa kuliko wengine. Kwa hiyo nawasihi "yes" na "no" zisitoke peke yake katika maswali ya namna hii. Semeni "No, I haven't" au "Yes, I have", kila moja kama neno moja refu, na mkia wake utawaokoa hata kichwa kikikosea.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Sisi tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu na tunasikia sauti, kazi zote kwa kitenzi kimoja, kumbe Kiingereza kimezigawa: "I'm hungry", "I feel cold", "I can smell something", "I can hear you". Kopa na kopesha kwetu ni shina moja lililoongezewa mkia, lakini "borrow" na "lend" hazifanani hata kwa herufi, kwa hiyo zishikeni kwa sentensi, "Can I borrow your pen?" na "Can you lend me your pen?", mkijua kwamba kalamu inakuja upande wenu katika zote mbili. Yeye wetu hana jinsia, na hata mimi, baada ya miaka 30, nikichoka humwita mke wangu "he". Kuhusu ukoo, Kiingereza ni maskini: baba mdogo na mjomba wote ni "uncle", mama mdogo na shangazi wote ni "aunt", na ukisema "my small father" watu watauliza ana urefu gani.

Matamshi yanastahili hotuba yake, nami nitagusa jambo moja tu. Kiswahili sanifu, ambacho kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kukisimamia mwaka 1930, husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza hakikuwahi kuwa na kamati. William Caxton alileta mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi wakati matamshi yakiendelea kubadilika vinywani, na ndiyo maana "knife" na "know" zinabeba k ambayo zamani ilitamkwa kweli na leo imebaki kama kaburi. Tena sisi tuna irabu tano, ilhali Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20 zilizobanana katika herufi hizohizo tano. Kwa hiyo sikio litangulie jicho. Sikieni kwanza "Where do you live?" na "When do you leave?" kutoka kwa mtu au redio, mseme, ndipo muandike. Mkianza na maandishi mtatamka "live" na "leave" kwa namna moja, na mgeni hatajua kama mnauliza habari za kukaa au za kuondoka.

Mtaniuliza, haya yote tutayahifadhi vipi, na sisi tuna kazi na watoto. Nitawaambia ninachowafanyisha wanafunzi wangu. Kila mmoja ana daftari dogo linaloingia mfukoni, na ndani yake ni marufuku kuandika neno moja. Anaandika msemo aliousikia au kuusoma, na chini yake anaandika kwa Kiswahili nani alimwambia nani, na wapi. Si tafsiri, ni tukio. "Keep the change": abiria alimwambia dereva wa teksi alipokuwa akishuka, hakutaka chenji. "I'm just looking": mteja aliniambia dukani, hakutaka kusumbuliwa. Daftari la namna hiyo, baada ya miezi mitatu, ni kitabu cha maisha ya mtu mwenyewe, na hakuna duka linalokiuza.

Kisha kuna kusahau. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe kwa miaka kadhaa na mwaka 1885 akaeleza kwamba tunachojifunza hupotea kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, mwaka 1972 alieneza njia ya kukabiliana na hilo kwa sanduku la kadi lenye vyumba. Sisi tunatumia boksi la viatu. Kata karatasi ngumu, andika tukio upande mmoja na msemo upande wa pili, soma tukio na ujaribu kusema msemo. Ukiupata, kadi inasogea chumba cha mbele, ambacho hufunguliwa baada ya siku nyingi zaidi. Ukiukosa, inarudi chumba cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Dakika 15 zinatosha, hata ukiwa unasubiri maharage yaive. Wenye simu za kisasa mna programu zinazofanya kazi hiyohiyo, na sizikatai, ila nimeona kwamba mkono ulioandika kadi hukumbuka zaidi kuliko kidole kilichobonyeza, na simu ina mambo mengine mengi ya kukuonyesha.

Mwisho, semeni kwa sauti. Kama hakuna wa kusema naye, mwambieni punda, kioo au mtoto mchanga. Mwanafunzi wangu mmoja, mama lishe, alikuwa akiwahudumia wateja wake wa Kiswahili huku akinong'ona kila tendo kwa Kiingereza, "Here you are", "Anything else?", "It's very hot, be careful", mpaka wateja wakaanza kumjibu. Sasa wapo wanaokwenda kwake kula na kujifunza kwa bei ya sahani moja.

Darasa letu la kwanza ni Jumatatu. Kila mmoja aje na daftari lake dogo, na ndani yake misemo mitatu aliyoisikia kutoka kwa mtu mwenye mwili, pamoja na habari ya nani aliyesema na nani aliyeambiwa. Tutaanza saa kumi na moja jioni kamili. Iandikeni sasa hivi kwa Kiingereza nami nitapita kuangalia, kwa maana atakayeandika "eleven" atalikuta geti limefungwa, na mlinzi atakuwa na maswali mengi kwake.